Ujiji, Mlango wa Ziwa Letu

Wasomaji wapenzi, na ninyi mapadri wageni mliokuja kushangilia jubile pamoja nasi, katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtakuta majina ya wamisionari, hesabu ya wabatizwa na picha za kanisa letu tangu lilipokuwa la majani. Sisi tumepewa kazi ya kueleza njia. Parokia za pwani hii ya magharibi ya Ziwa Tanganyika hazikuota zenyewe kama uyoga. Habari Njema ililetwa kwa miguu toka bahari, kisha kwa mtumbwi, na pahali miguu ilipoishia na mtumbwi ulipoanzia palikuwa Ujiji. Ndiyo sababu halmashauri ya jubile ilituma watu saba kwenda kuitazama.

Wengine watauliza kwa nini hatukuvuka ziwa tu, tukashuka Kigoma na kufika Ujiji saa ile ile, maana si mbali, ni mwendo wa kilometa chache. Tulivuka kweli, lakini hatukusimama. Tulipanda basi mpaka Tabora, tukalala huko siku mbili, kusudi tufike Ujiji kama walivyofika wao: tukitoka mashariki, migongo yetu kuelekea bahari. Mtu anayeingia nyumba kwa mlango wa nyuma anaona jiko tu.

Tabora yenyewe ingestahili makala yake. Karibu nayo, pahali panapoitwa Kwihara, iko nyumba ya udongo walimokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwezi wa Februari na wa Machi 1872. Lakini haja yetu ilikuwa gari la moshi la usiku. Wajerumani walianza kujenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka wa 1905. Ilifika Tabora mwaka wa 1912, na mwezi wa Februari 1914 chuma cha mwisho kililazwa Kigoma, kando ya maji, baada ya kilometa zipatazo 1250. Miezi sita baadaye vita vikuu vilianza Ulaya, na reli iliyojengwa kwa biashara ikawa ya askari. Ilikuwa imekwisha kubeba, vipande vipande ndani ya masanduku, meli ya Graf von Götzen iliyotengenezwa Papenburg. Meli hiyo iliunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka wa 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, askari wa Kongo chini ya Wabelgiji walipokuwa wanakaribia, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta ya grisi ili isile kutu. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na toka 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Wazee wetu wengi waliipanda.

Juu ya askari hao wa Kongo tuseme neno moja. Waliteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, wakiongozwa na Jenerali Tombeur. Nyuma yao walikwenda wapagazi kwa maelfu, wakibeba risasi na unga kichwani, na wengi hawakurudi. Kwa mkataba wa mwaka wa 1921 Wabelgiji walipewa pahali pao pa bandari katika Kigoma na Dar es Salaam, ili mali ya Kongo ipite: kutoka Kabalo kwa reli iliyofika Kalemie mwaka wa 1915, kisha melini, kisha relini tena mpaka bahari. Hivi gari la moshi tulilopanda lilikuwa pia mlango wa Katanga na Maniema.

Liliondoka Tabora giza likiwa limekwisha kuingia. Tulikaa daraja la tatu, wanne wakitazamana na watatu, mikeka na vikapu miguuni. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Nguruka alitugawia asali ya msitu katika kifuniko cha chupa. Usiku huonekana kidogo tu dirishani: taa ya kituo, watoto wanaouza mayai na mahindi, kisha miti, na miti, na miti. Lakini majina ya vituo yanatosha kumkesha mtu anayejua habari za zamani.

Cha kwanza cha kutuamsha kilikuwa Urambo. Hapo ndipo ilipokuwa nchi ya Mirambo, mtemi ambaye mwaka wa 1871 aliwapiga wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na kufunga njia ya Ujiji. Stanley alikuwa Tabora wakati ule. Aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, akaona wanavyoshindwa, akaondoka mwezi wa Septemba kwa kuzunguka mbali upande wa kusini. Mzunguko huo ulimchukua siku 51 mpaka Ujiji. Sisi tulipita Urambo tukisinzia. Baada yake ni Kaliua, pahali reli ya Mpanda inapoachana na hii, kisha mabwawa ya mto Malagarasi, ambapo zamani misafara ililipa hongo ya vitambaa na shanga kwa watemi wa Uvinza kabla ya kuvushwa kwa mitumbwi. Reli inavuka mto huo juu ya chuma, na abiria hata hawaamki.

Kulipopambazuka tulikuwa Uvinza. Huko watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi hiyo ilivuka ziwa kwenda kwetu zamani kabla ya Mwarabu wala Mzungu. Baada ya hapo vilima vinaanza, gari linapunguza mwendo na kupinda, na watu wote wanasimama madirishani wakingojea maji. Mmoja wetu alikuwa wa kwanza kuona, akasema tu: «Ziwa.» Tulikuwa tumeliona maisha yetu yote, lakini kwa mara ya kwanza tuliliona likiwa mbele, upande wa machweo, na milima ya kwetu kama moshi ng'ambo yake.

Mnara wa Ujiji umesimama ndani ya ua wenye miembe. Ni jiwe la kijivu lenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake, na maandishi yanayosema kwamba chini ya mwembe uliokuwa pahali hapo Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe iliyopo inasemekana ni watoto wake. Kando yake kuna nyumba ya makumbusho, na ndani yake sanamu mbili za ukubwa wa mtu, mabwana wawili wanaovuliana kofia. Kwa kusema kweli, si sanamu nzuri. Wageni wengi hupiga picha mbele yake na kuondoka baada ya nusu saa.

Tulikaa siku nzima, kwa sababu mnara huo unasema kidogo kuliko unavyonyamaza.

Kwanza ile tarehe. Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku katika ugonjwa, na Stanley naye aliumwa homa njiani. Shajara ya Livingstone yaelekeza mwishoni mwa Oktoba, na wataalamu bado hawakubaliani. Tena ile salamu fupi ya Stanley, inayojulikana dunia nzima, haina ushahidi: kurasa za shajara yake za siku ile zimechanwa, na Livingstone hakuiandika. Inawezekana aliitunga baadaye. Lakini hayo ni mambo ya wasomi.

Jambo kubwa ni hili: Livingstone alikuwa anatoka wapi siku zile? Mwandishi wa gazeti la New York Herald alitoka Bagamoyo, hilo kila mtu analijua. Mzee yule alitoka kwetu. Alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869, akavuka ziwa, akakaa katika nchi ya Maniema karibu miaka miwili, akalala muda mrefu Kabambare kwa vidonda vya miguu, na mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Alitaka kujua kama mto ule ni Nili. Hakupata mitumbwi ya kuushuka. Alibaki akitazama soko.

Soko la Nyangwe lilikuwa la wanawake hasa, waliokuja kutoka pande zote mbili za mto na samaki, vyungu, kuku na unga. Tarehe 15 Julai 1871 walikuwapo watu wapatao 1500. Watu wa msafara wa Dugumbe waliingia na bunduki, wakaanza kupiga. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, na waliojaribu kuogelea walichukuliwa na maji. Wafanyabiashara wenyewe walikisia kwamba wafu walikuwa kati ya 330 na 400, na Livingstone alidhani ni zaidi. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa matunda ya porini. Wino huo ulififia hata haukusomeka. Mwaka wa 2011 ndipo wataalamu waliusoma tena kwa picha za mianga ya namna nyingi, na imeonekana kwamba maandishi ya siku ile hayalingani kila pahali na yale yaliyochapwa baada ya kifo chake, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Siku chache baada ya mauaji aliondoka Nyangwe akiwa amevunjika moyo, akatembea mpaka Oktoba, akafika Ujiji na kukuta mali yake imekwisha kuuzwa. Ndipo Stanley akamkuta.

Habari za Nyangwe zilifika Uingereza kwa barua ambazo Stanley alizibeba. Zilisaidia kuusukuma mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Basi waliokufa majini Lualaba wana sehemu yao katika jambo hilo, na sehemu hiyo haikuandikwa juu ya jiwe.

Kati yetu saba alikuwamo mzee ambaye ukoo wake ni wa Kabambare. Alimsikiliza kijana anayeongoza wageni mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwuliza: «Mwanangu, babu zangu walipita hapa na minyororo shingoni. Jina lao liko wapi?»

Kijana hakujibu upesi. Kisha akasema: «Mzee wangu, kwenye jiwe halimo. Lakini ukitoka nje ya ua huu, uliza nyumba yoyote. Sisi wengi hapa ni Wamanyema.»

Na ndivyo ilivyo. Ujiji ilikuwa mwanzo wa barabara ya watumwa na pembe iliyokwenda Bagamoyo, barabara ambayo tangu mwaka wa 2006 imo katika orodha ya Tanzania ya mambo ya kupendekezwa kwa UNESCO. Lakini si wote walioletwa walipelekwa mbele. Wengine walibaki, wengine walipata uhuru wao, wengine walikuja wenyewe kama wapagazi na wavuvi. Wajukuu wao wamejaa mjini, karibu wote Waislamu, wakijiita Wamanyema mpaka leo. Yule mzee alitoka. Baada ya saa moja tulimkuta barazani mwa nyumba moja, amekaa mkekani na mzee mwenzake wa kanzu, wakitajiana majina ya vijiji na mito. Mwenyeji alikuwa ameyapokea majina hayo kwa nyanya yake bila kuiona nchi. Alipotaja mto ambao mgeni wake aliuogelea utotoni, wote wawili walinyamaza kidogo. Tulikaribishwa wali na migebuka, na chakula kilipokwisha mwenyeji alimwita mzee wetu «kaka».

Lugha waliyosemezana ndiyo hii tunayoandika. Wasomaji wengine huona haya juu ya Kingwana chetu, wakidhani ni Kiswahili kilichoharibika. Historia yake ni nyingine. Watu wa misafara iliyovuka Ujiji kwenda Maniema walijiita waungwana, yaani watu huru, hata wale ambao jana tu walikuwa watumwa, na kwa jina lao lugha yao ikaitwa Kingwana. Ilipita mlango ule ule wa minyororo. Baadaye ndiyo iliyotumiwa kufundisha katekismu.

Na sasa wamisionari. Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, huko Aljeri mwaka wa 1868. Msafara wao wa kwanza wa kuja nchi hizi uliondoka Bagamoyo Juni 1878, wamisionari kumi. Padri Pascal, aliyewekwa kuwa mkubwa wa wale wa Tanganyika, alikufa njiani mwezi wa Agosti. Katika njia waligawanyika: watano wakashika njia ya Uganda, na wanne waliobaki, Padri Deniaud, Padri Dromaux, Padri Delaunay na Bruda Auger, wakafika Ujiji Januari 1879. Miezi saba kwa mwendo ambao reli, kwa mtu asiyesimama, huumaliza kwa siku mbili. Haki yadai tuseme kwamba Waprotestanti wa London Missionary Society waliwatangulia, maana walifika Agosti 1878.

Hawakukaa Ujiji, mji uliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Walitafuta pahali kando ya ziwa: Rumonge katika Burundi mwaka wa 1879, ambapo Padri Deniaud aliuawa pamoja na wenzake wawili Mei 1881, Mulweba, upande wetu, mwaka wa 1880, Kibanga mwaka wa 1883, na Mpala, waliyoachiwa mwaka wa 1885 pamoja na ngome iliyojengwa na Kapiteni Storms. Huko Mpala alikuja Kapiteni Joubert mwaka wa 1887 kuwalinda watu na wawinda-watumwa, akaoa mwanamke wa nchi, asirudi kwao mpaka kufa kwake mwaka wa 1927. Mtoto wa milima hiyo ya Marungu, Stefano Kaoze, aliwekwa padri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika Kongo yote. Toka wale wanne kufika Ujiji ilikuwa miaka 38 tu.

Alasiri tulishuka ziwani. Zamani maji yalikuwa karibu zaidi na mnara. Ziwa lilikuwa limejaa sana miaka ile, kwa kuwa mdomo wa mto Lukuga, pale Kalemie, ulizibwa na matope na matete. Cameron aliuona mwaka wa 1874, Stanley akaukuta bado umezibwa mwaka wa 1876, na muda mfupi baadaye maji yakapasua kizuizi, yakaondoka kwenda Lualaba, na ufuko wa Ujiji ukabaki mkavu. Kwa hiyo Ujiji ilipoteza bandari yake kwa sababu ya mto wa kwetu, na Wajerumani walipotafuta mwisho wa reli walichagua ghuba ya Kigoma yenye kina. Wenzetu wa Kalemie na Uvira, waliofurikiwa mwaka wa 2021 na tena mwaka wa 2024, hawahitaji kufundishwa kwamba ziwa hili lina tabia ya kwenda na kurudi.

Ufukoni hapo tulimkumbuka mtu ambaye tungependa apate jiwe lake. Wa kwanza kumlaki Stanley siku ile hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wake, aliyekuja mbio kumwamkia kwa Kiingereza. Yeye ndiye, pamoja na Chuma, Jacob Wainwright na wengine, aliyeuchukua mwili wa bwana wao alipokufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilometa 1500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko Mapadri wa Roho Mtakatifu waliupokea kanisani mwao. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwapo, Susi na Chuma waliitwa Uingereza baada ya mazishi. Susi akaja kumtumikia Stanley katika Kongo, akabatizwa mwaka wa 1886, akafa Unguja mwaka wa 1891. Mamilioni ya watu wanajua salamu ambayo labda haikusemwa, na wachache wanajua mwendo huu uliofanyika kweli.

Burundi nako kuna jiwe, pale Mugere, kusini ya Bujumbura, lenye majina ya wasafiri hao wawili na tarehe 25 Novemba 1871. Wenyeji wengine wa huko husema ndipo walipokutana. Sivyo: walipita hapo pamoja kwa mtumbwi, wakienda kuutazama mto Ruzizi. Walikuta maji yake yanaingia ziwani, hayatoki, na hivyo wakajua kwamba Tanganyika halimimini maji yake katika Nili upande huo. Mapadri wageni watakaorudi kwa njia ya Bujumbura wanaweza kusimama huko, si mbali na barabara.

Tuliondoka bandarini Kigoma jioni. Mashua ilikuwa na abiria wengi wa kwetu, baadhi yao jamaa za wale waliokimbia vita tangu mwaka wa 1996 na kukaa kambini Nyarugusu, wakienda kuona kama mashamba yao bado yapo. Mzee wa Kabambare alikuwa amepewa na mwenyeji wake kifurushi cha mbegu za maembe ya Ujiji, pamoja na majina manne yaliyoandikwa juu ya kipande cha daftari, ili ayaulizie kwao. Mawili amekwisha kuyapata.